Yule Aliyeniomba Nimchinjie Pongo

Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, na mtu ambaye shingo yake ndiyo ushahidi wangu bado yu hai mpaka leo. Sikuhadithiwa na mtu, wala sikuota. Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi tumalizane, maana nikifika katikati sitapenda kukatizwa.

Na kabla hatujaenda mbali, ondoa usiku kichwani mwako. Watu wakisikia kisa cha namna hii wanangoja giza na bundi. Hapakuwa na giza. Lilikuwa jua la adhuhuri, jua la kuunguza nyayo, na mimi nilikuwa nimeshiba viazi vitamu nina akili zangu timamu. Niamini katika hilo tu, mengine utaamua mwenyewe.

Miaka ile nilikuwa fundi baiskeli hapa Sofu, Kibaha. Nilikuwa kijana, nimeoa, na nilikuwa na ugonjwa mmoja ambao hauna dawa hospitali: sikuweza kutulia. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kwenda. Mke wangu Mwanahawa alizoea kuniambia kwamba hata nikilala miguu yangu inatembea. Yeye kwao ni Mzenga, Kisarawe ndani kule. Ndugu zake walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya zamani, wakapangwa nyumba kwa mistari kando ya barabara, kama ilivyokuwa kila mahali wakati wa vijiji vya ujamaa. Huko walikotoka pakabaki mahame. Kuta zilianguka, mikorosho ikamezwa na vichaka, na wanyama wakaingia kuishi bila kumwomba mtu ruhusa.

Nyama siku zile ilikuwa shida, kila mwenye umri wangu anajua. Lakini kila tulipokwenda ukweni tulikula nyama, kwa sababu ya shemeji Kondo. Kondo ni kaka mkubwa wa mke wangu, mwindaji tangu ujana wake, mwenye gobole lake na kibali chake. Akiniwekea bakuli la mchuzi wa paa mbele yangu hakukosa neno.

"Kula, shemeji, kula. Wenzio tunakimbizana na wenye miguu minne, wewe unakimbizana na magurudumu mawili, tena yamesimama!"

Watu watacheka, mama mkwe atacheka, hata Mwanahawa atageuza uso acheke pembeni. Nami nitacheka, huku moyoni nachemka. Ulikuwa utani wa mashemeji, hauna ubaya. Lakini ulinikaa. Nikawa natamani siku moja tu, niingie mimi pale uani na mnyama begani, watu wananiona, na Kondo ndiye anayepewa bakuli. Kilichonipeleka porini hakikuwa njaa. Zilikuwa sifa.

Basi nikamwomba anifundishe. Siku ya kwanza nilipanda baiskeli kutoka Sofu mpaka Mlandizi, nikakata kushoto, nikafika Mzenga nimevaa viatu vyeupe vya raba, shati la maua, na nimeoga sabuni ya kunukia. Kondo alinizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Shemeji, unakwenda kuwinda au kuposa?"

Akanivua shati mwenyewe. Akanipa shati kuukuu la rangi ya udongo na makubazi ya tairi. Akaniambia nisiguse sabuni siku mbili kabla ya kuja, maana mnyama anakunusa kabla hujamwona. Akanipa kifuko cha kitambaa chenye jivu: ukikitikisa, jivu linakuonyesha upepo unakwenda wapi, nawe unakaa upande ambao upepo unakujia usoni. Akanipa kibuyu cha maji, kamba ya katani, na kisu. Gobole hakunipa. Akasema bunduki ni ya mwisho kujifunza, na kwa tabia yangu ya kurukaruka huenda nisifike huko.

Hivyo kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kupeleleza tu. Jumamosi na Jumapili, mimi na Kondo, tunazunguka mahame kutazama chini. Alinifundisha kusoma nyayo: ya nguruwe imekaa hivi, ya pongo imechongoka hivi, hii ya leo ina kingo kali, hii ya jana sisimizi wameshapita juu yake. Alinifundisha kuvunja kinyesi kwa kijiti kuona kama bado kina unyevu. Na alirudia mpaka nikachoka: "Tazama ardhi kwanza, kichaka baadaye. Ardhi haina sababu ya kukudanganya."

Ilinitesa, sikufichi. Unakaa nyuma ya kichuguu, mbu wanakula masikio yako, hutakiwi hata kujikuna. Kondo angeweza kukaa hivyo asubuhi nzima, macho nusu yamefumba. Mimi nilikuwa nahesabu majani.

Jambo moja tu alinipa kulifanya tangu mwanzo, nalo ni kisu. Wewe kama ni Muislamu unaelewa. Mnyama akipigwa risasi akafa kabla ya kuchinjwa ni kibudu, haliwi, hata awe mnono vipi. Kwa hiyo bunduki ikilia lazima pawepo mtu mwenye mbio wa kumuwahi mnyama akiwa bado na roho. Kwa mbio nilifaa. Na kwao kulikuwa na desturi yao: mchinjaji halitaji jina la Mungu kimoyomoyo. Analipaza, wenzake walioko vichakani wamsikie, wajue nyama ni halali. Usiposikika, hata kama unaapa kwamba ulitaja, hakuna atakayekula. Kondo alinifanyisha mazoezi kwa mgomba, nikiukata huku napiga kelele, watoto wa kijiji wanakufa kwa vicheko.

Sasa, wanyama tuliowafuata walikuwa nguruwe pori kwa ajili ya kulinda mihogo, na paa kwa ajili ya chungu. Pongo, yule swala mwenye mistari, hatukumgusa. Wazee wa kule wanamheshimu pongo kuliko simba. Wanasema ana wenyewe. Nilimuuliza Kondo wenyewe hao ni akina nani, akasema hajapata kuwauliza.

Siku yenyewe tuliondoka alfajiri. Tukazunguka mahame yote hatukupata kitu. Jua lilipopanda Kondo akasema tupumzike mpaka alasiri, wanyama nao wamelala. Tukakaa chini ya mkorosho uliokuwa katika shamba la baba yao zamani, tukala viazi vyetu. Kondo akaegemeza gobole kwenye shina, akajifunika kofia usoni, na kabla sijamaliza kusukutua mdomo alikuwa anakoroma.

Mimi je, ningelala? Nilijaribu. Nikageuka huku, nikageuka kule. Nikafikiria kurudi tena mikono mitupu, na utani utakaonisubiri. Miguu ikaanza kuniwasha. Nikasema moyoni, acha nipeleleze hapo karibu, nikiona nyayo mpya nitamwamsha. Nikachukua kisu changu na kifuko cha jivu, nikaondoka taratibu.

Nilitembea sana. Hilo nalikumbuka vizuri, maana jasho lilinitoka mpaka shati likashikana na mgongo. Nilipita vichaka, nikapita kichuguu, nikapita vichaka tena. Nikawa na hakika nimefika mbali, sehemu ambayo Kondo hajanionyesha. Jivu nilipolitikisa lilianguka moja kwa moja miguuni, hakukuwa na upepo wowote. Hata ndege walikuwa wamenyamaza. Nikaanza kujisikia vibaya, si hofu hasa, ni kama unapokuwa umesahau kitu nyumbani na hujui ni nini.

Ndipo nilipomwona. Mtu mzima, kavaa kanzu ya kahawia, amechuchumaa kando ya mkorosho. Mbele yake amelala pongo dume, mkubwa, manyoya yanang'aa, mistari myeupe mgongoni. Hakufungwa, lakini alikuwa hawezi kuamka, mbavu zinapanda na kushuka.

Nikamsalimia kama unavyomsalimia mtu yeyote mzima. "Asalaam alaykum."

Akasema, "Karibu."

Unaona? Salamu yangu hakuiitikia. Mimi wakati ule sikuona. Nilikuwa namtazama pongo.

"Umempataje, mzee?"

"Amefika mwenyewe. Nilikuwa nangoja mtu mwenye kisu."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, hata ya upole. Uso wake ukiniuliza leo siwezi kukuchorea. Nakumbuka tu kwamba hakuwa na tone la jasho, na mimi nilikuwa nimeloa.

"Nichinjie," akasema. "Mimi mkono wangu haufai. Chukua wewe nyama yote, mimi nataka damu tu imwagike hapa."

Sasa utaniuliza, mtu anakwambia hivyo porini nawe unabaki umesimama pale? Jibu ni rahisi na linaniaibisha: nilikuwa nimeshajiona nikiingia uani Mzenga. Pongo dume begani! Habari za wenyewe wake zilinitoka kichwani kabisa. Nikapiga magoti, nikamkandamiza mnyama kwa goti, nikamshika kidevu. Alikuwa wa moto. Nikataka kumgeuza aelekee kibla kama nilivyofundishwa, nikavuta, akawa mzito ajabu, mzito kuliko pongo yeyote.

"Usimgeuze," yule mtu akasema. "Anakata roho, atakuwa kibudu. Chinja kwanza, maneno yako utasema baadaye."

Na mimi, mwanafunzi, neno kibudu lilinitia wazimu. Ndilo lililokuwa hofu yangu kubwa, kuchelewa, nyama ikatupwa kwa sababu yangu. Nikaweka kisu. Wallahi nikakiweka, ngozi nikaihisi. Lakini mazoezi ya mgomba yalikuwa yameniingia. Mkono wangu ulikuwa haujui kukata bila mdomo kupiga kelele. Sikufanya kwa ucha Mungu, usinipe sifa ambazo si zangu. Nilifanya kwa mazoea, ili Kondo huko aliko anisikie.

Nikapaza sauti: "Bismillahi, Allahu akbar!"

Na chini ya goti langu sauti ya Kondo ikasema, "Shemeji."

Sijui nikuelezeje. Hakukuwa na moshi, wala kishindo. Ni kama unapotazama kamba kwenye kona ya chumba ukidhani nyoka, halafu ikawa kamba, na unashindwa kuelewa uliona nini mwanzo. Goti langu lilikuwa juu ya kifua cha shemeji yangu. Mkono wangu wa kushoto umemshika kidevu, umemvuta kichwa nyuma. Kisu kilikuwa shingoni, na damu ilikuwa imeanza kutoka, mstari mwembamba chini ya sikio. Kofia yake ilikuwa pembeni. Gobole lilikuwa limeegemea shina vilevile. Ulikuwa ni mkorosho uleule.

Nikatupa kisu. Nikapiga kelele, sijui nilisema nini. Nikageuka kumtafuta yule mtu. Hakuwepo.

Kondo alikaa kitako taratibu, kashika shingo. Hakunipiga. Hakunitukana. Ingekuwa nafuu angenitukana. Akafunga shingo kwa kitambaa alichokichana shatini mwake, akasimama, akaanza kufanya kile alichonifundisha mimi: akatazama ardhi. Mchanga wa pale ulikuwa laini. Nyayo za makubazi yangu ya tairi zilikuwa zimeuzunguka ule mkorosho, duara juu ya duara, zimekanyagana mpaka zimechimba kijia. Sikuwa nimekwenda popote. Muda wote ule niliodhani nasafiri, nilikuwa namzunguka Kondo aliyelala. Na nyayo za mtu mwingine hazikuwepo, hata moja.

"Ulikuwa unaongea na nani?" akaniuliza.

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia alikuwa ameamka kitambo. Aliniona nikimzunguka, akataka kuniita, akashindwa kufungua kinywa, kama mtu aliyekabwa na jinamizi. Aliniona nikisimama, nikitoa salamu kwa mahali patupu, nikiuliza maswali na kungoja majibu. Aliniona nikipiga magoti. Kisu kilipogusa bado mwili wake ulikuwa jiwe. Nilipolitaja jina la Mungu, akasema, ndipo ulimi wake ulipofunguka.

Tulirudi kijijini. Karibu na nyumba za kwanza akasimama.

"Nilikwaruzwa na seng'enge ya shamba la kijiji. Umesikia? Dada yangu asijue."

"Kondo, mimi sikukusudia..."

"Najua, shemeji." Lakini alilisema akiwa amesimama nyuma yangu. Kutoka pale mpaka uani kwao alinitanguliza mimi mbele, yeye ambaye siku zote ndiye aliyeongoza.

Mwanahawa, ambaye safari ile nilikuja naye, alijua, bila shaka. Seng'enge haichani ngozi hivyo. Siku kadhaa baada ya kurudi Sofu akaniuliza swali moja, akiwa ananipa mgongo, anachambua mchele: "Kuna kitu kaka yangu alikukosea?" Nikamwapia kwamba hakuna. Akasema sawa. Lakini mimi mwenyewe swali lile limenikaa. Kwa nini yule mtu alinichagua mimi? Alijuaje kwamba utani wa Kondo ulinichoma? Je, alipenya kwenye kidonda ambacho sikujua kwamba kimefika huko? Nimejiuliza hivyo barabarani, kazini, msikitini, mpaka nikazichukia fikra zangu. Nampenda Kondo. Nilimpenda siku ile pia.

Uwindaji niliuacha hapohapo. Na kisu pia. Tangu siku ile sijachinja hata kuku. Mgeni akija nasimama mlangoni nangoja mpita njia, namwomba anichinjie, na neno hilo likinitoka mdomoni namkumbuka yule mtu wa kanzu. Wengine hunitazama kwa mashaka. Mwanamume mzima, Muislamu, ana mikono miwili, anaomba kuchinjiwa? Siwalaumu. Ningekuwa wao ningekimbia.

Kondo aliacha kuja kwetu. Akituma salamu nilipokea, nikituma alipokea. Miaka ikapita. Halafu Idi moja ya kuchinja, asubuhi, nikamwona anaingia uani kwangu Sofu na beberu kwa kamba. Ameanza kuota mvi. Mwanahawa alikimbia kumpokea huku analia. Kondo akamlaza yule beberu, akamgeuza kibla, akachomoa kisu, akanielekezea mpini.

"Chinja wewe, shemeji. Tumalize jambo hili."

Nilijua alivyokuwa amejilazimisha kufika pale. Nilijua ni heshima gani ananipa. Ningenyoosha tu mkono, yangekwisha yote. Lakini nikatazama ile shingo iliyovutwa nyuma, nikamtazama yeye aliyesimama, nikajiuliza: nani kati ya hawa wawili ni Kondo? Mchana kweupe, mbele ya mke wangu, sikuweza kujua.

Nikasema, "Kondo, naomba kwanza wewe utaje jina la Mungu."

Hakuelewa mwanzo. Kisha akaelewa, nikaona uso wake unavyobadilika. Alikuja kuyaondoa mashaka yake juu yangu, na mimi ndiye niliyekuwa na mashaka juu yake. Akalitaja. Alilitaja polepole, kwa sauti, kama mtu anayemsomesha mtoto, huku machozi yanamtoka. Akachinja mwenyewe. Alikula pamoja nasi, akambariki dada yake, akaondoka kabla ya magharibi, na hajakanyaga tena hapa kwangu.

Ndiyo hayo. Wewe kijana unayeniuliza gobole linapatikanaje na paa wanalala wapi, haya yote utafundishwa, ni mepesi. Mimi nakuonya juu ya kitu kingine. Kama moyo wako hautulii, kama unakwenda porini na jambo la watu linakuchoma, kaa nyumbani, panda hata mchicha. Na siku mtu akikuonyesha shingo akakwambia chinja, usimtazame mnyama. Litaje jina la Mungu kwa sauti kabla kisu hakijagusa, kisha ngoja uone nani amebaki amesimama.